Kiti Kilichotazama Ukuta

Mtu aliyeingia chumbani kwa Injinia kwa mara ya kwanza alidhani mzee amegombana na walimwengu, kwa sababu kiti chake kilikuwa kimeelekea ukutani. Hakikuelekea mlangoni, wala dirishani, wala kwenye runinga. Kilielekea ukuta mtupu wenye kitu kimoja tu, mita ya umeme, zile za kununua umeme kwanza ndipo utumie. Ukibisha hodi alikukaribisha huku amekupa bega, macho yake kwenye tarakimu, halafu anageuza shingo na kukwambia, "Karibu, mwanangu, karibu. Kuna mtu humu ndani kawasha jiko na hapiki chochote." Na kweli angekuwepo mtu huyo, na mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi. Kiti ninacho mimi siku hizi, na nimekigeuza kitazame mlango kama viti vya watu wengine.

Tulikuwa wapangaji wa nyumba moja La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, zile nyumba za zamani zilizokatwakatwa mpaka sebule ikawa chumba na veranda ikawa chumba. Mimi nilikaa katikati, yeye nyuma karibu na bomba, na mbele alikaa Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu, na mumewe na watoto wao. Jina halisi la mzee sikulisikia likitumika. Mwenye nyumba alimwita Injinia, wa spaza, lile duka dogo la mtaani, alimwita Injinia, Mama Furaha alimwita Papa Injinia, na yeye mwenyewe akipokea simu alisema, "Injinia hapa," kana kwamba yuko zamu.

Watu walidhani alikuwa fundi wa kushika spana chini ya ndege, wakawa wanamletea pasi zilizoungua. Hapana. Yeye aliruka. Zamani, kwenye jeti kubwa za abiria, chumba cha mbele kilikuwa na watu watatu. Marubani wawili walitazama mbele, na nyuma yao palikuwa na mtu wa tatu ambaye kiti chake kiligeuzwa ubavu, kikatazama ukuta uliojaa saa na taa na swichi: mafuta haya, joto lile, hewa ya abiria, umeme, injini ya kwanza mpaka ya nne. Huyo ndiye alikuwa Injinia. "Rubani anatazama mnakokwenda," alipenda kusema. "Mimi natazama kama tutafika." Alimaliza kazi yake hapa Johannesburg, kwenye mizigo, kwenye jeti za zamani za injini nne ambazo hakuna aliyezitaka tena kwa abiria, na siku zilipoegeshwa akabaki mjini hapa na kile kiti chake. Kilikuwa kiti cha kawaida cha mbao, lakini alikiweka ubavu.

Niseme mapema jambo lililonikera kwake, maana ndilo lililotawala miaka yote niliyomjua. Alikuwa na dada yake mkubwa Tanga, mtaa wa Ngamiani, ndiye aliyemlea. Kila Jumapili walipigiana simu, na simu yenyewe aliiweka sauti ya juu, kwa hiyo ua mzima tulikuwa wageni wa mazungumzo. Dada alikuwa na presha ya macho. Kila Jumapili kitu fulani kilikuwa kimepungua: leo haoni uzi wa sindano, mwezi ujao haoni sura ya mtu mlangoni mpaka aseme. Na kila Jumapili alimaliza vilevile: "Kukusikia nakusikia, mdogo wangu. Mimi nataka nikuone. Njoo macho hayajazima." Naye kila Jumapili alijibu, "Nakuja, Dada. Natafuta ndege."

Natafuta ndege! Ndege za Dar zinaondoka mjini hapa kama watu wanavyoondoka kanisani. Mimi mwenyewe nilikuwa nazipanda kila baada ya miezi michache, nafuata kanga na vitenge vya kuuza Newtown, katikati ya jiji hili. Lakini mzee alikuwa ameapa kwamba hatapanda ndege yenye injini mbili. Anataka nne. Na za nne haziendi Dar. Hata huko zinakokwenda zinapungua mwaka hadi mwaka, na viwanda vimeacha kuziunda. Alijua hayo kuliko sisi wote, na bado alimwambia dada yake anatafuta ndege.

Hakuweza kutulia, na kukaa naye kulichosha. Chai alikunywa amesimama. Msibani, watu wamekaa mkekani, yeye anazunguka kuangalia nyaya za spika. Alisikia vitu ambavyo sisi hatusikii, au tunasikia na tunaona si neno. "Friji ya spaza ina homa," alisema siku moja tukipita, akarudi kumwambia mwenye duka, na mwenye duka akamwambia, "Sharp, mzee, asante," na hakufanya chochote, na lile friji likaendelea kufanya kazi miaka mingine mingi. Alikosea mara nyingi, Injinia. Lakini kukosea hakukumpa aibu hata kidogo. Alisema heri kushtuka bure kuliko kutulia bure.

"Papa Injinia, kaa basi!" Mama Furaha alimfokea akiwa katikati ya kusuka kichwa cha mteja. "Unazunguka, unazunguka, unanipatia kizunguzungu. Nitasuka huyu mama njia ya kupinda!"

"Nakaa, Mama. Nakaa sasa hivi."

Akakaa, ubavu, nusu ya tako kwenye kiti, na kabla Mama Furaha hajamaliza mstari mmoja wa nywele mzee alikuwa bombani anasikiliza maji.

Kwenye gari ilikuwa balaa. Mume wa Mama Furaha alikuwa na Toyota kuukuu iliyotupeleka sokoni na kanisani na harusini, maana wao Wakristo na sisi Waislamu lakini gari lilikuwa moja. Injinia hakukubali kukaa mbele hata umpe heshima zote za uzee wake. Alikaa nyuma katikati, akaingiza kichwa kati ya viti viwili, na kuanza kusoma dashibodi kwa sauti. Joto limepanda kidogo. Mafuta robo. Robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa hapa, imekuwa nyekundu. Baba Furaha, mtu mpole sana, siku moja alishindwa. "Papa, pardon. Robot naiona. Nina macho."

"Najua unayo," Injinia alimjibu. "Nakwambia ili ujue kwamba na mimi nimeiona."

Nilicheka sana siku ile. Nimekuja kuielewa sentensi hiyo baadaye.

Tabia yake kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya kuuliza na kugusa. Huko angani, alisema, kabla ya kuruka kuna orodha inayosomwa. Mmoja anataja kitu, mwenzake anajibu hali yake. Lakini yeye alifundishwa na injinia mzee zaidi ambaye hakukubali jibu la macho. Ukitajiwa swichi, unaweka kidole kwenye swichi, ndipo ujibu. Jicho linaona lilichozoea kuona, mkono haudanganyiki upesi hivyo. Basi akatuhamishia utaratibu huo nyumbani. Hakuna aliyetoka kwenye ile nyumba bila kuulizwa.

"Jiko?"

"Limezimwa."

"Umegusa?"

Ndipo urudi ndani ukaguse. Watoto wa Mama Furaha, ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kusikia tu na ukiwasemesha wanakujibu kwa Kiingereza au Kizulu, mchezo huu waliupenda. Walisimama mlangoni na mabegi ya shule, yeye anauliza, wao wanapigapiga vitu na kupiga kelele: "Ipo! Imefungwa! Limezimwa! Yupo!" Hiyo "yupo" ilikuwa ya mdogo wao wa mwisho, ambaye naye alikuwa kwenye orodha, na sharti aguswe kichwani. Mama yao alisema Kiswahili chote wanachokijua wamekipata mlangoni kwa yule mzee, na kwamba watakua waweze kuzungumza na majiko tu.

Siku ya harusi ya binti wa rafiki yetu mmoja, ukumbi uko Newtown, tumevaa, tumepaka, gari limejaa. Tumeshafika mbali, Injinia akatoa kichwa katikati ya viti.

"Pasi?" Ananiuliza mimi.

"Nimechomoa."

"Umegusa?"

"Nakumbuka kabisa nimechomoa."

"Kukumbuka si kugusa, mwanangu. Baba Furaha, geuza."

Na Baba Furaha aligeuza, kwa sababu ukiambiwa hivyo hutulii tena. Jua kali, foleni, wanja unayeyuka. Nikaingia chumbani kwangu kwa hasira. Pasi ilikuwa imechomolewa na imepoa kama jiwe la mtoni. Nikarudi garini nikafunga mlango kwa kishindo. "Haya! Imechomolewa! Nilikwambia!"

"Sasa tunajua," akasema, akaegemea nyuma, karibu atulie. Tukawakuta watu wameshakula pilau, limebaki ukoko. Sikumsemesha mpaka jioni.

Sasa, msidhani alizichukia ndege mpya kwa ujinga. Alizipenda. Kila alipopata lifti alikwenda kusimama kando ya uzio kule Kempton Park, kwenye uwanja mkubwa wa ndege, pamoja na wale watu wenye kamera ndefu, na akirudi ana habari kama mtu aliyetoka kuona wajukuu. Alitusimulia kwamba jeti ya kwanza kabisa duniani kubeba abiria kwa nauli, safari yake ilikuwa ya kuja mji huu huu, ikatua kusini kidogo tu ya tunapokaa, pale ambapo leo ni nyumba za watu. Alifurahia hilo kama vile aliikaribisha mwenyewe. Kisha uso unabadilika. Zile jeti za mwanzo zilipasuka angani. Watu hawakujua kwamba bati la ndege, likijazwa hewa na kupunguzwa, likijazwa na kupunguzwa, linachoka, na uchovu wake unaanzia kwenye pembe. Ndiyo sababu dirisha la ndege halina pembe mpaka leo.

"Kila pembe iliyolainishwa unayoiona kwenye ndege," alisema, "kuna watu waliolipia."

Nilipopata kulijua hilo ndipo nilipoelewa meza yake. Alikuwa ameisugua pembe zote nne kwa msasa mpaka zikawa mviringo. Akaisugua na yangu bila kuniuliza, nikiwa sokoni. Nilipokuja juu akaniambia watoto wanakimbia humu ndani, na kichwa cha mtoto hakijui kuomba njia.

Alitueleza na mji wetu ulivyozisumbua jeti. Johannesburg iko juu, hewa yake nyepesi, na mchana wa joto inakuwa nyepesi zaidi. Ndege nzito za zamani zilikimbia na kukimbia kwenye barabara ile ndefu, na yeye kwenye kiti chake anatazama injini nne zinavyohangaika, anasema moyoni bado, bado, bado. Kwa hiyo safari ndefu walizipanga jioni, jua likishuka. Alipofika kwenye "bado" alikuwa ameshasimama, anatuonyesha kwa mikono, na kikombe cha chai kimemwagika kwenye kanga yangu.

Kuhusu injini mbili tulibishana mimi na yeye mpaka majirani wakajua hoja zote. Mimi si mtu wa subira. Nilimwambia, "Mzee, hizo unazozikataa mimi nazipanda kila siku. Mbona nipo?"

"Hata kuku wa sikukuu," akanijibu, "aliamka salama siku zote za nyuma."

"Basi panda basi!"

Akapanda. Wallahi akapanda. Basi la kwenda Dar, siku na siku barabarani, miguu yake inavimba na daktari amemkataza, lakini alimwambia dada yake, "Safari hii nakuja," na tukamfungia mkate na mayai. Kabla hata ya mpaka, alikuwa amekwishagombana na dereva. Injini ilikuwa inachemka, Injinia anamwambia apunguze, dereva anamwambia mzee kaa kwenye siti yako. Akashuka Musina, bado yuko Afrika Kusini. Alirudi na begi lake na mayai, akaingia chumbani, akakaa kwenye kiti chake akatazama mita. Jumapili ile nilimsikia akimwambia dada yake kwamba basi limeharibika, na Dada akamwambia, "Pole, mdogo wangu. Usijali, bado naona dirisha." Nikatoka uani kwa sababu nilitaka kumpiga mzee wa watu.

Aliyemmaliza kwa hoja hakuwa mimi. Nilikuwa na mteja wa vitenge, binti wa Kikenya anayesomea uhandisi pale chuoni Braamfontein, mcheshi, mwenye kusema wazi. Nikamchukua Injinia tukaenda kumwona, nia yangu mbaya kabisa, apate wa kumnyamazisha. Wakakaa kwenye mgahawa mdogo chini ya chuo, yeye kakaa ubavu, binti akafungua kompyuta yake.

"Mzee, na heshima zote," yule binti akasema, "hebu niulize. Zile zako nne, ulishawahi kuzima moja ukiwa huko juu?"

"Ah! Mara ngapi."

"Sasa si ndiyo hiyo? Zilikuwa nne kwa sababu zilikuwa zinazima. Hizi za sasa hazizimi ovyo. Na hata moja ikizima, ile imebaki inakupeleka masaa, inakushusha polepole, na huwezi hata kumwaga chai. Kinywa cha injini yake ukisimama ndani, mzee, kichwa hakifiki juu."

Akamwonyesha michoro. Injinia akaitazama kwa muda mrefu, akauliza maswali, binti akajibu yote. Hakukuwa na ubishi. Mwishoni mzee akafunga mikono.

"Umesema kweli, binti yangu," akasema. "Mimi niliyajua haya. Nilikuwa sitaki kuambiwa."

Kwenye basi la kurudi hakuchungulia dashibodi ya dereva. Nilishtuka zaidi kwa hilo kuliko kwa maneno yake. Nikamwuliza, kama hoja imeisha, nini tena kinamzuia asiende kumwona dada yake? Akapitisha kidole kwenye skrubu za kiti cha mbele yetu. Kisha akaniambia, bila kunitazama.

"Mimi siogopi kuanguka, mwanangu. Ndege ile ni nzuri kuliko yangu. Kiti changu walikitoa, wakaweka kompyuta, na ndege haikulalamika hata siku moja. Naogopa kukaa kule nyuma, na mkanda, na soda, na mpaka tunafika hakuna aliyeniuliza kitu."

Nilimwonea huruma, na nilikasirika, vyote pamoja. Nikamwambia, "Na dada yako anakuuliza kila Jumapili. Yeye si mtu?" Wiki nzima tulisalimiana tu.

Halafu ikaja Jumapili ambayo sauti ya simu ilikuwa ileile lakini maneno hayakuwa yale. Tulikuwa uani, Mama Furaha anaosha mchele, mimi nakunja vitenge. Dada aliuliza hali, akauliza baridi ya Johannesburg, akasimulia mvua ya Tanga. Kisha akasema, kwa upole, kama anayempunguzia mtu mzigo: "Usihangaike tena na ndege, mdogo wangu. Dirisha nalo limekwenda. Hata ukija sitakuona, kwa hiyo usijisumbue. Tutaendelea na simu."

Injinia hakusema "nakuja." Simu ilipokatika alisimama, akazunguka ua, akagusa bomba, akagusa ukuta, akagusa bonneti la Toyota, akagusa kamba ya nguo. Mama Furaha hakumfokea akae. Aliacha mchele ndani ya maji akafunika uso na kitenge chake. "Eish, Papa," akasema, "Eish, Mungu wangu." Mimi nikabaki nakunja kitenge kilekile.

Alipomaliza kuzunguka akaja kusimama mbele yangu.

"Safari yako ya Dar lini?"

"Alhamisi."

"Nikatie tiketi."

Alhamisi alivaa shati jeupe na tai nyeusi. Pale mlangoni watoto wa Mama Furaha walimgeuzia mchezo, wakamwuliza wao: jiko, dirisha, paspoti, dawa za presha. Akagusa kimoja kimoja na kujibu kwa unyenyekevu. Baba Furaha akatupeleka mpaka Kempton Park bila mtu kumsomea dashibodi.

Kupitia kioo cha chumba cha kusubiria aliitazama ile ndege, injini zake mbili, hii moja na ile moja, akatikisa kichwa. "Kubwa," akasema. Tulipoingia alipunguza mwendo mlangoni, akageuza uso kushoto, upande wa marubani. Mlango wa kule mbele ulikuwa wazi, viti viwili, kioo na mwanga, hakuna zaidi. Mhudumu akamwambia kwa adabu, nyuma, baba, safu yako iko nyuma. Akaenda nyuma.

Alikaa, akafunga mkanda, na mikono yake ikakosa pa kwenda. Iligusa mfuko wa kiti, ikagusa meza ndogo, ikarudi mapajani. Alijaribu kukaa ubavu, mkanda ukamrudisha. Watu walipita na mabegi yao, hakuna aliyemwangalia. Nikakumbuka maneno yake ya kwenye basi, nikaona haya kwa kutokuyafanyia kazi mapema.

"Mkanda?" nikamwuliza.

Akageuka kunitazama. Akaweka mkono kwenye mkanda. "Umefungwa."

"Meza?"

"Imefungwa."

"Dirisha?"

Akanyoosha mkono mbele yangu, akapitisha kidole kwenye ile pembe isiyo pembe, taratibu. "Liko wazi, halina ufa."

Tuliendelea hivyo mpaka tulipofika mwanzo wa barabara ya kurukia. Injini zikanguruma na kiti kikanisukuma mgongoni. Injinia alifumba macho, mkono kwenye egemeo, midomo inasema bado, bado, bado. Alikuwa hajamaliza "bado" ya tatu tulipoacha ardhi. Akafumbua macho, akachungulia, akaona mapaa ya Johannesburg yameshakuwa madogo, na akacheka. Alicheka mpaka machozi, mzee yule, akapiga paja. "Haikuhangaika hata kidogo!" aliniambia. "Haikuhangaika hata kidogo!" Sikujua kama anafurahi au analia, nadhani na yeye hakujua.

Tukiwa juu, soda imekuja, akanywa nusu. Kisha akaichukua orodha yeye.

"Paspoti?"

Nikagusa mkoba. "Ipo."

"Simu?"

"Ipo."

"Dada?"

"Yupo," nikasema upesi.

"Umegusa?"

Nikatazama mawingu mpaka Dar.

Tanga tulifika kesho yake mchana. Nyumba ya Ngamiani ilikuwa na mlango wa bluu na ukumbi mrefu wenye giza. Mjukuu mmoja, mwanamke mtu mzima, alitupokea akatuambia Bibi yuko chumba cha uani, hajaambiwa, kama tulivyoomba. Dada alikuwa amekaa kitandani anachambua dagaa kwenye ungo kwa vidole, uso ameuinua juu kidogo, kama wanavyofanya wasioona. Nilimpigia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza ni mwenyeji wa wapi. Injinia alisimama mlangoni na tai yake.

"Na huyo mwingine nani?" Dada akauliza. "Anayepumua hapo."

Akasogea, akapiga magoti sakafuni mbele yake. Dada akaweka ungo pembeni, akanyoosha mkono ukiwa na magamba ya dagaa, ukafika kwenye tai, ukapanda kidevuni, mdomoni, puani, ukazunguka sikio, ukasimama kwenye kovu la juu ya jicho ambalo mimi miaka yote sikuwa nimeliona. Hapo mkono ukakaa. Dada hakusema jina. Alitoa sauti ndogo tu, kisha akaleta na mkono wa pili.

Injinia aliishika ile mikono miwili yenye magamba, akaibakiza kwenye mashavu yake. Akasema, bila kugeuka, na nikajua anasema na mimi:

"Niulize."

"Dada?" nikauliza.

"Yupo."

"Mnasemezana nini nyie?" Dada akafoka, machozi yanamtiririka. "Usipige magoti mbele yangu kama mkopaji. Umechelewa, haya, umechelewa. Kaa."

Kulikuwa na kigoda karibu na kitanda, kimetazama ukutani. Injinia alikivuta, akakigeuza kikamwelekea dada yake uso kwa uso, akakaa.